Mfalme Aliyekuja na Kwao

Nipitapo katika mitaa ya miji yetu, jioni watoto watokapo madrasa au asubuhi ya siku ya mapumziko wachezapo mbele ya milango ya nyumba zao, huwaona wakiamkiana kwa ishara moja: mikono imekunjwa ngumi, imepishana kifuani, kisha inashushwa kwa nguvu na kwa taadhima. Wengi wao hawajapata kuingia katika jumba la sinema. Ishara hiyo wameiokota kwenye kibanda cha video, kwenye simu ya kaka mkubwa, au kwenye picha iliyochapwa juu ya mkoba wa shule ulionunuliwa mnadani. Ukiwauliza ni salamu ya wapi, hukujibu bila kusita kwamba ni ya Wakanda. Na ukiwaambia kwamba Wakanda haimo katika ramani ya dunia, hawaoni kuwa jambo hilo linaipunguzia chochote nchi hiyo.

Mimi ni mpenzi wa hadithi za mashujaa hawa tangu ujana, na siku ilipotangazwa kwamba mfalme wa Wakanda, yule aitwaye Black Panther, ataingizwa katika silsila ya filamu za Marvel ambamo mashujaa wa kila namna huingia na kutoka, nilifurahi furaha ambayo sioni sababu ya kuificha wala kuiombea radhi. Lakini mapenzi hayamwondolei mtu wajibu wa kupima akipendacho. Rai yangu, ambayo nimeishika miaka yote hii na ambayo kila filamu mpya huizidishia nguvu, ni kwamba shujaa anapojiunga na jamaa ya mashujaa wengine, swali la kwanza si nguvu zake ni kiasi gani wala atapambana na nani, bali ni hili: amekuja na nchi yake, watu wake na sababu yake mwenyewe, au ameviacha vyote mlangoni ili apewe kiti? Aliyekuja navyo hutajirisha baraza zima. Aliyeviacha huwa mtu wa kuhesabiwa tu katika safu, na mpenzi wake hubaki akishangilia vazi tupu.

Siku ya kutajwa jina

Ilikuwa tarehe 28 Oktoba 2014, katika ukumbi wa El Capitan, Hollywood, pale Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alipozitaja filamu za miaka iliyokuwa ikija. Walikwisha kusimama jukwaani Robert Downey Jr. na Chris Evans, nguzo mbili za silsila ile, ndipo akaitwa Chadwick Boseman, mzaliwa wa South Carolina, aliyekwisha kuonyesha uhodari wake alipoigiza maisha ya Jackie Robinson na ya James Brown. Akasimama kati ya wale wawili kwa utulivu wa mtu ajuaye alikotoka. Iliahidiwa kwamba ataonekana kwanza katika filamu ya wengine, kisha apewe yake mwenyewe mnamo Novemba 2017, ahadi ambayo baadaye ilisogezwa hadi Februari 2018.

Waliokuwa wakiingoja siku hiyo walikuwa wameingoja muda mrefu. Katika miaka ya 1990 Wesley Snipes alijitahidi sana filamu ya Black Panther itengenezwe, na haikutengenezwa. Wenye fedha hawakuona ni nani angetoa nauli na kiingilio kwenda kumtazama mfalme Mwafrika asiyetawaliwa na mtu, wala asiyeomba msaada wa mtu. Kwa hiyo insafu yanidai niseme jambo hili mapema: kama si silsila ile, yenye kuaminiwa na mabenki na wenye majumba ya sinema baada ya miaka mingi ya faida, filamu ya mfalme huyu haingepata dola zipatazo milioni 200 zilizotumika kuitengeneza. Mlango wa wengine ndio uliompitisha. Fadhila hiyo siikatai, na atakayeikataa atakuwa amedhulumu.

Alipojiunga mara ya kwanza

Hata hivyo, wapenzi wazee wa hadithi hizi walikuwa na sababu ya kuingiwa na hofu kidogo katikati ya furaha, kwa maana kadhia hii ilikwisha kutokea zamani katika vitabu vya picha.

Mfalme T'Challa, huyo huyo Black Panther, alizaliwa kwa kalamu ya Stan Lee na Jack Kirby katika toleo la 52 la Fantastic Four, la Julai 1966. Tuzikumbuke nyakati zile. Tanganyika ilikuwa imepandisha bendera yake mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Magazeti ya dunia yalijaa majina ya viongozi wapya wa Kiafrika, na palikuwa na Wazungu wengi walioandika kwa yakini kwamba nchi hizo hazitafika mbali. Katika hali hiyo wakatokea watu wawili wa New York, wakabuni nchi ya Kiafrika ambayo haikupata kutawaliwa, yenye madini ya ajabu na elimu ipitayo elimu ya wageni wake, wakamweka kitini mfalme kijana aliyewaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini mwake, na walipofika akawawinda mmoja baada ya mmoja ili aujue uwezo wake. Hakuingia katika hadithi kama mtumishi wala kiongozi wa njia. Aliingia kama mwenye nyumba.

Miaka miwili baadaye, Mei 1968, alijiunga na Avengers, baraza la mashujaa. Wasomaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwani kuketi katika baraza lile kulikuwa ni daraja kubwa. Lakini hebu tazama kilichofuata. Mfalme aliishi New York, akafikia hata kufundisha shule huko Harlem kwa jina la Luke Charles. Kazi ya ualimu ni kazi ya heshima na sina neno juu yake. Ila najiuliza, na wakati ule nani alikuwa akiisimamia Wakanda? Nani alisikiliza mashtaka ya watu wake? Mwezi baada ya mwezi alionekana katika mapigano ya wenziwe, mara mbele, mara nyuma ya safu, na ile nchi iliyompa maana ikawa haionekani ila kwa nadra.

Ilimpasa mwandishi Don McGregor, mwaka 1973, amrudishe nyumbani. Gazeti alilopewa liliitwa Jungle Action, na kabla yake lilikuwa likichapa hadithi za Wazungu watambao katika misitu ya Afrika huku wenyeji wakiwa pambo la nyuma ya picha. McGregor akalisafisha kwa namna ya ajabu: akamweka T'Challa katikati ya watu wake, akajaza kurasa kwa Waafrika wenye majina, wivu, ndoa na siasa, na akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa ndilo tendo la akili kuliko yote katika historia ya shujaa huyu. Alikubali kwamba kule kutokuwepo kulikuwa na gharama. Mfalme alirudi akaikuta nchi ina nyufa, wasaidizi wake wana kinyongo naye, na amezuka hasimu aitwaye Erik Killmonger anayedai kiti. Wazee wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. McGregor aliandika hadithi ndefu ya mtu aliyenusurika na utumwa huo kwa kurudi, akalipa deni lake kwa jasho na damu, ukurasa kwa ukurasa.

Pete ya baba

Sasa utaona kwa nini, filamu ya Captain America: Civil War ilipotoka Mei 2016, ikiwa ya 13 katika silsila, macho yangu hayakuwa kwenye lile pambano kubwa la uwanja wa ndege lililosifiwa na kila mtu. Nilikuwa nikitafuta kama mfalme amekuja na kwao.

Alikuja nako. Hakuingia kwa kualikwa na shujaa yeyote, bali kwa damu ya raia wake. Mwanzoni mwa filamu, mjini Lagos, jitihada ya mashujaa wa Marekani ya kuzuia uovu inageuka kuwa mlipuko unaoua watu wasio na hatia, na miongoni mwao wamo Wawakanda waliokuwa pale kwa kazi ya hisani. Kwa ajili ya hao, mfalme mzee T'Chaka anatoka katika nchi yake iliyojificha, anakwenda Vienna, anasimama mbele ya mataifa na kuzungumza. Na hapo hapo bomu linamuua. Kwa hiyo mwana hakuvaa ngozi ya chui ili awe mmoja wa mashujaa. Aliivaa kwa sababu ya msiba.

Ipo picha fupi ambayo watazamaji wengi huipita. Baada ya mlipuko, T'Challa ameketi juu ya benchi nje ya jengo, suti yake ina vumbi, na mkononi ameshika pete ya baba yake, akiizungusha polepole, kisha anaivaa. Hapigi kelele, hatoi ahadi ya kutisha. Mwanamke wa kundi la Avengers anapomkaribia na maneno ya rambirambi, anajibiwa kwa adabu, lakini mtu yeyote aliyepata kukaa matangani anafahamu kwamba yule hayupo pale kwa ajili ya mazungumzo. Na baadaye, katika lile pambano la uwanja wa ndege nchini Ujerumani, mmoja wa mashujaa anapojitambulisha kwake katikati ya ngumi, yeye anamwambia kwamba hilo halimhusu. Huo ndio uungwana wa mtu mwenye shughuli yake. Alisimama upande mmoja wa vita vya ndugu wawili, Captain America na shujaa mwenzake waliogawanya Avengers, kwa sababu tu mtu aliyemdhania muuaji alikuwa upande wa pili. Na alipoujua ukweli, kule katika theluji ya Siberia, mbele ya muuaji hasa wa baba yake, aliyaona matunda ya kisasi katika uso wa mtu yule, akarudisha makucha yake, na hata muuaji huyo alipotaka kujiua akamzuia, ili akahukumiwe. Wale wakubwa wawili wenye filamu walimaliza wakiwa wamevunjana mifupa. Mgeni ndiye aliyemaliza akiwa amejifunza.

Nalo lile la lugha lisipite hivi hivi. Mzee John Kani wa Afrika ya Kusini, aliyeigiza T'Chaka, ndiye aliyeleta Kixhosa kinywani mwa wafalme hawa, na Boseman akashikilia kwamba T'Challa lazima aseme kwa lafudhi ya Kiafrika, kwani mfalme wa nchi isiyotawaliwa hana sababu ya kusema kama mtu wa London au wa New York. Wapo jamaa zangu wa pwani walionungunika: vitabu vya picha vimeiweka Wakanda upande wetu huu wa mashariki, mbona wasiseme Kiswahili? Mimi nawajibu kwamba Kixhosa kililetwa na mtu mzima aliyekuwa nacho kifuani, si na mtu aliyeokota maneno kitabuni, na katika sanaa hilo lina uzito wake. Tena hatukuachwa mikono mitupu, maana yule mwanamke mlinzi mwenye kichwa kilichonyolewa, aliyemwamuru mgeni apishe njia kwa sauti moja tu, ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Mcheza kwao hutunzwa

Kuhusu filamu yake mwenyewe, iliyotoka Februari 2018 chini ya mwongozaji Ryan Coogler, mengi yamekwisha kusemwa, na mtu asidhani kwamba nitayarudia yote. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ilikuwa filamu ya kwanza ya mashujaa wa namna hii kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu bora, na ikatwaa tuzo tatu, moja kwa ajili ya maleba ya Ruth E. Carter, aliyechukua shanga na wekundu wa Kimaasai, mablanketi ya Wasotho, udongo mwekundu wa Wahimba na kofia pana za wanawake wa Kizulu, akavishonea taifa moja. Mjini Kisumu ilionyeshwa kwa shangwe kuu, kwa sababu ya Lupita Nyong'o, binti wa pande hizo. Na Saudi Arabia ilipofungua tena majumba ya sinema, Aprili 2018 mjini Riyadh, baada ya miaka mingi ya kufungwa, filamu iliyotangulia kuonyeshwa ilikuwa hiyo hiyo.

Ninalotaka kulitilia mkazo ni jambo ambalo halikuwemo ndani yake. Katika saa mbili na zaidi za filamu ile, hakuna Avengers hata mmoja anayekuja kuokoa mambo. Ugomvi wote ni wa ukoo: binamu aliyeachwa yatima Oakland, California, anakuja kudai haki yake na haki ya weusi wote waliosahauliwa ng'ambo, na mfalme hana wa kumkimbilia isipokuwa mama yake, dada yake, mpenzi wake na watu wa milimani aliowahi kupigana nao. Mpaka majina ya watengenezaji yanapopita ndipo shujaa mmoja wa ile silsila pana anatokea, naye ni mgonjwa aliyepewa hifadhi. Je, filamu ilipungukiwa na nini? Watazamaji waliitunza kuliko filamu nyingi zilizojaa mashujaa mpaka pomoni, na sababu, kwa maoni yangu, haihitaji fumbo: walionyeshwa mtu mzima mwenye kwao.

Uwanja wa vita vya watu

Miezi miwili tu baadaye ikaja Avengers: Infinity War, filamu ya 19. Hapa ndipo moyo wangu ulipoingia uchungu, na uchungu huo haujaisha.

Hadithi ilihitaji mahali pa kufanyia vita vikuu, na mahali palipochaguliwa ni Wakanda. Kisa chenyewe ni kito kilichokaa katika paji la uso la shujaa mwingine, Vision, ambacho adui Thanos anakitaka. Shujaa huyo analetwa Wakanda ili kitolewe, adui anafuata, na mfalme, ambaye juzi tu katika filamu yake alifikia uamuzi mgumu wa kufungua milango ya nchi kwa ajili ya shule na msaada, sasa anaamuru ukuta wa ulinzi ufunguliwe ili makundi ya wanyama wa kutisha yamwagike katika nyasi za nchi yake, kusudi vita visimfikie mgeni aliyelala ndani. Vijana wa Wakanda wanakufa kwa safu. Hatuambiwi jina la hata mmoja. Hakuna mama anayeonyeshwa akilia. Kamera inapotaka kuhuzunika, inamtafuta mmoja wa mashujaa wenye majina.

Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi; lakini kwetu methali hiyo tumeipata kwa maisha, na ndiyo maana hatuwezi kuitazama picha ile kwa utulivu wanaoitazama nao wengine. Mwaka 1914 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaligeuza Afrika ya Mashariki kuwa uwanja wa vita ambavyo asili yake ilikuwa Ulaya, na waliobeba mizigo mpaka wakafa njiani kwa njaa na maradhi walikuwa watu wetu, mamia ya maelfu ya wapagazi ambao wengi hawana kaburi linalojulikana. Kariakoo ya Dar es Salaam mpaka leo inaitwa kwa jina lililotokana na jeshi lao. Sisemi kwamba waandishi wa filamu walikusudia kulikumbusha jambo hilo. Nasema tu kwamba nchi iliyobuniwa kama nchi ya Kiafrika iliyonusurika na vita vya wengine haikupaswa kupelekwa huko kwa wepesi kiasi kile, bila hata mzee mmoja wa baraza kuinuka na kuuliza kwa nini.

Na mwishoni mfalme mwenyewe akageuka vumbi, akiwa amenyoosha mkono kumwinua jemadari wake Okoye. Aliporudi katika Avengers: Endgame ya Aprili 2019, akiwa wa kwanza na watu wake kupita katika lile duara la moto, nilisikia kwamba majumba ya sinema yalilipuka kwa makofi, na mimi pia nilipiga makofi. Walakini hesabu maneno aliyopewa kusema katika filamu ile ndefu ya saa tatu: ni machache mno. Mwaka 1968 ulikuwa umerudi.

Mzigo wa nyumbani

Mtu atasema: hizi ni sinema, biashara ya watu wa mbali, zatuhusu nini sisi wenye bei ya unga na ada za shule? Zatuhusu kwa sababu zimo nyumbani mwetu. Mtoto anayempenda shujaa mmoja hupelekwa, kidogo kidogo, awe mteja wa mashujaa 20. Ili aelewe kwa nini T'Challa yu uwanjani, yampasa amjue Thanos, na ili amjue Thanos yampasa arudi nyuma filamu kadhaa. Tangu mwaka 2021, tena, hadithi nyingine za silsila hiyo zikahamia katika tamthilia za kutazamwa nyumbani kwa intaneti, na kila sehemu inakula bando. Mzazi mwenye simu moja na watoto watatu anajua hesabu hii ilivyo jioni ya Jumamosi, na anajua pia ugomvi unaozuka pale mtoto wa jirani alipokwisha kutazama na wake bado.

Nimekaa katika kibanda umiza nikaona namna watu wetu walivyoutatua ugumu huo kwa akili yao wenyewe. Benchi ni za mbao, joto ni kali, na sauti ya filamu imepunguzwa ili msimulizi anayeifasiri asikike. Anapotokea shujaa mgeni katikati ya hadithi, msimulizi haachi watu gizani: anamtaja baba yake, anasema aligombana na nani na lini, anamkumbusha mtazamaji pale walipokutana naye mara ya mwisho, na ikibidi anasimamisha picha mpaka maelezo yatimie. Kazi hiyo ndiyo iliyompa sifa marehemu Lufufu hapa Tanzania, ndiyo inayompa DJ Afro wafuasi wengi Kenya na VJ Jingo Uganda. Hawa hawamruhusu shujaa aingie barazani bila nasaba. Wanajua kwamba mtu aliyelipa kiingilio chake cha shilingi chache ana haki ya kuambiwa huyu ni nani na kwao ni wapi, na laiti watengenezaji wenye mamilioni wangelitazama jambo hili kwa umakini tunaolitazama nao sisi wa benchi.

Tena lipo lililo kubwa kuliko fedha. Watoto wetu wa kike walimwona Shuri, dada wa T'Challa, akiwa bingwa wa sayansi katika nchi yake, mbele ya mama yake, akitaniana na kaka yake kama wataniavyo watoto wa nyumba yoyote. Ukimtoa hapo ukamweka katika maabara ya mtu mwingine, akafanya kazi ile ile kwa faida ya mtu mwingine, umebadilisha kile ambacho binti wa Mbagala au wa Kisumu anajifunza kutoka kwake, hata kama hujabadilisha neno lolote kinywani mwake.

Baada ya Boseman

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo aliyoificha kwa miaka huku akiendelea kufanya kazi. Marvel iliamua isimtafute mwigizaji mwingine wa T'Challa, na filamu ya pili, iliyotoka Novemba 2022, ikawa ni matanga ya nchi nzima. Nusu yake ya kwanza ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyofanywa katika silsila yote: jeneza linachukuliwa na watu waliovaa nyeupe, ngoma inapigwa, wanawake wanacheza huku machozi yanawatoka, na Angela Bassett anaigiza malkia aliyepoteza mume na mwana kwa namna iliyomfanya apendekezwe kwa Oscar. Lakini hata katikati ya matanga hayo, wenye silsila waliingiza msichana Riri Williams, aliyekuwa akiandaliwa tamthilia yake, na mazungumzo ya maofisa wa Marekani yenye shabaha ya filamu nyingine. Msichana yule hana kosa. Ila palipokuwa na msiba hapakuwa mahali pa kutandaza bidhaa, na muda aliopewa yeye ulitolewa katika fungu la waliofiwa.

Sasa wamekwisha kutaja majina ya watakaokuwemo katika Avengers: Doomsday, iliyopangwa kutoka Desemba 2026, na yumo Letitia Wright wa Shuri, yumo na Winston Duke wa M'Baku, kiongozi wa wale watu wa milimani. Nitakwenda kuitazama. Nitakachokitafuta ni kile kile nilichokitafuta mwaka 2016: kama Shuri ataingia kwa sababu iliyotoka Wakanda, iwe msiba, deni au hasira ya watu wake, au kama ataitwa tu kwa kuwa panahitajika mtu wa kutengeneza mitambo.

Na yupo mtoto. Mwishoni mwa ile filamu ya matanga tulionyeshwa mwana wa T'Challa na mpenzi wake Nakia, aliyefichwa mbali na kiti cha enzi, akilelewa na mama yake nchini Haiti, ambako huitwa Toussaint. Jina lenye hadhi katika nchi ile, kwa kuwa Toussaint Louverture aliwaongoza watumwa waliojikomboa, na Haiti ikawa huru mwaka 1804. Najua tamaa itakuwa kubwa ya kumkuza haraka, kumvika ngozi ya chui na kumsimamisha katika safu na wengine ili bango lipendeze. Ombi langu kwa wenye mamlaka hayo ni kwamba waende kwanza Haiti wamkute kwake. Watuonyeshe shule anayosoma, jirani anayemwazima mama yake chumvi, siku aliyoambiwa baba yake alikuwa nani, na mara ya kwanza alipoikanyaga Wakanda akapotea njia katika mji wa nasaba yake. Apewe filamu nzima ya hayo, isiyo na Avengers hata mmoja, kabla jina lake halijaandikwa katika jeshi la mtu yeyote.